Shujaa Aliyesusa

Mume wangu alisusa Jumatatu, na Alhamisi mchana alikuwa bado kalala chali kitandani, uso kaukunja, anatazama dari.

Mkasa wenyewe ni huu. Miaka kumi na tisa ni yeye anayesimama mdomoni mwa tanuri pale kiwanda cha mikate, na hakuna anayeujua moto ule kumshinda. Basi Jumatatu hiyo tajiri akamleta shemeji yake, mtu ambaye hata chai anaunguza, akamweka tanurini. Mume wangu akaambiwa akafunge mikate kwenye mifuko. Mbele ya watu wote! Akavua aproni, akaikunja, akarudi nayo nyumbani. Kesho yake yule shemeji akaunguza trei tisa, tajiri akatuma mtu kuja kumwita.

"Aje mwenyewe," akasema mume wangu, akageukia ukutani.

Nikamwambia, "Haya, susa, wenzio wala." Nilijiapiza kwamba sitambembeleza. Uongo mtupu, nilimbembeleza siku mbili nzima. Mwanamume yule nampenda, lakini kiburi chake, Mungu wangu, kingekuwa mkate kingelisha mtaa mzima.

Hiyo Alhamisi binti yetu, tunayemwita Profesa kwa jinsi anavyopenda kubisha, akarudi kutoka shule na daftari lake, akaketi miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa nakunja nguo humo humo chumbani.

"Baba, nisaidie. Kesho tuna mdahalo. Kuna shujaa mmoja wa Wagiriki wa kale, jina lake ukilikosea unang'ata ulimi. Swali ni kama alikuwa shujaa kweli."

"Alifanya nini?"

"Vitani hakuwa na mfano. Sasa siku moja mkuu wa majeshi akamnyang'anya tuzo yake mbele ya watu. Akasusa. Akakaa hemani, akakataa kupigana."

Mume wangu akajiinua kwa kiwiko. "Shujaa huyo! Andika. Mtu asiyelinda heshima yake atalinda nini?"

"Tuzo yenyewe ilikuwa mwanamke, baba. Mateka."

"Ebo! Mimi nimeshamfuta," nikasema.

"Mama watoto, hujaulizwa."

"Halafu akaenda ufukweni kumlilia mama yake."

Mume wangu akakohoa. "Hilo la mama usiliandike."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na yeye akatabasamu kwa kuibia, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Wenzake wakawa wanakufa," Profesa akaendelea. "Wakamletea zawadi, wakamsihi, wapi! Sasa alikuwa na rafiki yake wa kufa na kuzikana. Rafiki huyo ikamshinda kuvumilia. Akamwomba mavazi yake ya vita, akayavaa yeye, akaenda kupigana badala yake, ili watu wadhani shujaa karudi."

Shuka ikanidondoka mikononi.

Kwa sababu mimi nilikuwa na siri. Jumatano asubuhi Filimbi alikuja mlango wa nyuma. Filimbi ni rafiki wa mume wangu tangu utotoni. Jina kalipata kwa pumu yake, akipumua kifua kinapiga mluzi. Kiwandani yeye anauza dirishani tu, maana daktari kamkataza unga na joto la tanuri.

"Shemeji, niazime aproni yake," akaninong'oneza. "Tanuri nimelishika mimi. Nisipolishika, tajiri ataajiri mtu, na ndugu yangu hasira zikimwisha atakuta nafasi imekwenda. Nikiivaa hiyo wenzangu watanisikiliza. Ila usimwambie."

Nikampa. Kwa mikono yangu hii miwili nilimpa, nikamwambia Mungu akubariki.

"Ikawaje?" mume wangu akauliza.

Profesa akafunua ukurasa. "Yule rafiki? Aliuawa siku hiyo hiyo."

"Na mwenyewe kakaa tu hemani."

"Kakaa."

Hapo nikashindwa. Nikasema yote, aproni, tanuri, siku mbili zile. Mume wangu akaketi wima. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza.

"Filimbi? Ndani ya unga?" Akashuka kitandani. "Futa," akamwambia Profesa. "Futa yote niliyokuambia."

Akatoka mbio na shati alilolilalia, mguuni ndara moja yake na moja yangu. Mimi nyuma yake, Profesa nyuma yangu.

Filimbi tulimkuta amekaa kwenye ngazi nyuma ya kiwanda, mweupe kwa unga toka kichwani mpaka miguuni, mabega yanapanda na kushuka, dawa yake ya kuvuta mkononi. Ule mluzi tuliusikia kabla hatujakata kona. Sijawahi kuupenda namna ile.

"Umekuja," akasema, maneno yanakatika. "Kuna trei ndani... itoe... inaungua."

Mume wangu hakwenda. Harufu ya kuungua ilitufikia wote, na mtu ambaye hajawahi kuacha hata andazi liungue akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akamshika rafiki yake mabega.

"Nisamehe, ndugu yangu," akasema. "Nisamehe."

"Aa, bwana we. Ulikuwa... umenuna tu."

"Nisamehe."

Miaka ishirini na miwili nimeishi na mwanamume yule, nimemzalia, nimezika naye wazazi wetu wote wanne, na neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake. Nikalia kwa sauti, nusu kwa furaha, nusu kwa wivu.