Tezi ya Winifred

Kaka yangu Aubrey alikuwa na mambo mawili asiyotaka kuyasikia katika banda lake: neno nguruwe, ambalo hapa kwetu mwenye akili halitamki karibu na mashua, na neno kukata. La kwanza nilimvumilia. La pili lilituchosha majira mazima ya baridi.

Mashua yenyewe ilikuwa Winifred, jina la mama yetu. Aubrey aliichora na kuiunda mwenyewe tukiwa vijana hapa Mahone Bay, na msimu wake wa kwanza iliwashinda matajiri wa Halifax mpaka wakaanza kuulizana huyu Veinot, kwa jina la ukoo wetu, ni nani. Msimu wa pili ilinivunja nyonga. Tangu siku hiyo ikakaa juu ya magogo bandani, imefunikwa turubai, nami nikawa natembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi.

Enzi zile mashua haikushindana na mashua nyingine tu, ilishindana na futi ya mpimaji. Alikuja, akaigusa hapa na pale, na kwa vipimo hivyo mashua ikapewa dakika za kufidiwa, zinazopunguzwa kwenye muda wake. Ukionekana goigoi, unapewa nyingi. Basi kila muundaji wa pwani hii akawa bingwa wa kuidanganya futi. Aliweka nundu pale futi itakapopita, na tezi, yaani sehemu ya nyuma, akaifinya mpaka ikawa nyembamba kama mkia wa samaki. Kwa hiyo kwenye karatasi mashua ilikuwa goigoi, na majini ilikwenda kasi. Ila upepo mkali ukiipiga kwa nyuma haikuwa na kitu cha kukalia. Iliyumba kushoto, ikayumba kulia, kila mara zaidi, hadi tanga kuu likaruka lenyewe upande wa pili pamoja na boriti inayolishikilia chini. Siku ile boriti iliporuka, mimi nilikuwa njiani mwake.

Aliyeivua turubai ni Janelle, binti wa pekee wa Aubrey. Alikuwa Rhode Island akiunda mashua za kaboni, akarudi nyumbani na mikono iliyobabuka kwa gundi na kichwa kilichojaa mipango. Alitaka kuzisaga nundu zote. Alitaka kuung'oa mkuku mzito wa zamani, ule uti wa chini wa mashua, na kuweka mwembamba, mrefu, wenye uzito wa madini ya risasi kule chini kabisa. Alitaka mlingoti mwepesi, sukani mbili badala ya moja, na juu ya yote, tezi ile ikatwe na kuundwa upya, pana. Kisha iingie kwenye mashindano ya Agosti, na baba yake ndiye ashike usukani. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa Rhode Island, ingawa hakulisema.

Jumapili moja tulikuwa mezani kwa Aubrey, soseji na kabichi iliyochachushwa, alipotoa hukumu yake.

“Mkuku badilisha,” alisema. “Mlingoti badilisha. Tezi usiguse.”

“Baba, tezi ndiyo ugonjwa. Nikiiacha, hayo mengine ni kumpaka mgonjwa poda.”

“Pale nyuma pameandikwa jina la mama yangu. Humkati mama yangu matako huku nakutazama.”

“Simkati, nampanua.”

“Na bibi yako,” nikadakia, “alikuwa akiingia kanisani kwa ubavu, mlango haukumtosha. Angejua mashua yenye makalio ya kuku imepewa jina lake, angemchapa baba yako hapo hapo gatini.”

Janelle alicheka mpaka akapaliwa. Aubrey hakucheka. Alibeba sahani yake, akaenda kumalizia chakula jikoni akiwa amesimama.

Kesho yake Janelle akachora mstari mwekundu kuizunguka tezi, akaweka msumeno wa umeme pembeni, na hapo akakwama. Mashua ni ya baba, alisema, na bila neno la baba hakati. Akaendelea na mkuku, akaendelea na mlingoti, wiki zikapita, na wote wawili wakawa wanaizunguka ile tezi kama watu wanaopisha maiti sebuleni. Mwishowe nikamsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba huenda akarudi Rhode Island majira ya kuchipua, kwa kuwa hapa hakuna anachomaliza. Baba yake alikuwa bandani, amesikia kila neno. Akachukua ufagio, akaanza kufagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa.

Hapo nikakasirika. Asubuhi iliyofuata niliuteremka mlima wenye theluji kutoka kwangu hadi bandani kwa mguu wangu huu, nikamkuta yuko peke yake na ufagio wake.

“Unaogopa nini?” nikamwuliza.

“Siogopi kitu.”

“Aubrey, tumelala kitanda kimoja utoto wetu wote. Uongo wako naujua kwa harufu.”

Akauegemeza ufagio ukutani, ukaanguka, asiuokote.

“Watu wakiona imekatwa,” alisema, “watasema haya, hata mwenyewe amekiri. Ilikuwa tezi mbaya, na ndiyo iliyomvunja ndugu yake.”

Nilihisi hasira inapanda na huruma inaifuata nyuma. Nikachagua hasira, kwa sababu hiyo ndiyo ninayoimudu.

“Ilikuwa mbaya,” nikamwambia. “Sasa nitajie mtu mmoja aliyeunda tezi nzuri mwaka ule.”

Akausukuma ufagio pembeni kwa mguu.

“Yule wa ng'ambo ya ghuba? Makalio ya kuku. Yule aliyesomea uchoraji chuoni? Makalio ya kuku, tena aliyenyonyolewa. Pwani nzima ilikuwa banda la kuku. Nyote mliunda kwa ajili ya futi, na futi haijawahi kusafiri baharini hata siku moja. Kosa lilikuwa lenu wote, kaka, ila wewe peke yako umejifungia nalo ndani.”

“Wao hawakuwa na ndugu njiani.”

“Basi mwulize huyo ndugu. Hujawahi kuniuliza. Miaka yote unaniangalia mguu, usoni huniangalii. Niulize.”

Alivua kofia, akaivaa tena. Nikasikia theluji ikiporomoka kutoka kwenye paa.

“Unanilaumu, Selwyn?”

“Sikulaumu. Sijawahi. Ninachokulaumu ni kunichosha tu.”

Aligeuka akaipa Winifred uso wake badala ya kunipa mimi, mabega yakimtikisika, nami nikaangalia dirisha mpaka alipotulia. Janelle aliingia tukiwa hivyo hivyo, chupa ya chai mkononi, akatutazama mmoja mmoja na hakuuliza kitu. Hilo ndilo ninalompendea.

Aubrey akaokota penseli nyekundu. Aliusogelea mstari wa binti yake, akaufuta kwa kidole gumba chenye mate, halafu akachora wa kwake, mbele zaidi, karibu mkono mzima.

“Ulichora kwa woga,” akamwambia. “Pale unabakiza nusu ya nundu. Ulitaka kuniheshimu, nimeelewa. Niheshimu kuanzia hapa kwenda nyuma.”

“Baba, hiyo ni nyingi kuliko niliyoomba.”

“Ulitaka kukata au ulitaka kuongea? Lete huo msumeno.”

Akaikata mwenyewe. Vumbi la mbao lilijaa bandani, tukakohoa kama kondoo. Tezi ilipoangukia godoro kuukuu tulilotandika, tulisimama watatu tukiitazama. Nilikuwa nikiikumbuka kuwa kitu kikubwa.

“Kidude kidogo namna hii,” alisema Aubrey.

Majira ya kuchipua yote niliwasikia wakigombana kwa furaha. Aubrey alizoea kusema mbao ni mbao na povu ni la kuogea, lakini Janelle alipomfundisha kuliweka lile povu gumu katikati ya tabaka za faiba na kunyonya hewa kwa pampu ili gundi iingie kila mahali, mzee alisahau kula. Tezi mpya ilitoka pana na bapa, unaweza kuweka meza ya watu sita juu yake. Rhode Island haikutajwa tena.

Lakini Aubrey kuipanda hakuipanda. Tulipoishusha majini Julai, tukaigeuza kwa kufuata jua kama inavyopasa ili isilete mkosi, Janelle na mabaharia wake wakaruka ndani, ila si aliyeiunda. Ataangalia kutoka gatini, alisema, mtu wa gatini huona zaidi. Janelle alimwachia. Mimi pia nilibaki gatini, na sababu yangu ilikuwa ile ile, ila mimi nilikuwa na mguu wa kuusingizia.

Asubuhi ya mashindano Janelle akatukuta jikoni kwa Aubrey tukinywa chai, yeye na buti zake miguuni.

“Usukani hauna mtu,” alisema.

“Shika wewe.”

“Mimi nina tanga kubwa la mbele. Baba mdogo anakuja.”

Hizo zilikuwa habari kwangu. Aubrey akanitazama, safari hii usoni.

“Unakwenda?”

“Inaonekana nakwenda.”

Akamwaga chai yake kwenye sinki. “Basi siwezi kuacha mtu mwingine akuvunje,” alisema, akaenda kutafuta koti.

Kwenda tulikwenda vizuri, upepo wa kusini-magharibi ukitupiga usoni. Kasheshe ilikuwa kurudi. Tulipolizunguka boya nje ya kisiwa, upepo ukaja nyuma yetu, tena umeongezeka, mawimbi yana vichwa vyeupe. Ilikuwa ni hali ile ile iliyonivunja nyonga. Janelle akapandisha lile tanga kubwa, likafura, kamba zikalia. Nilijikunyata chini kabisa, wala sikuona haya. Aubrey alishika usukani kwa mikono miwili, uso umempauka. Ikaja dharuba ya upepo, nikaiona ikiukwaruza uso wa maji, na sote wawili tukasubiri mashua iyumbe.

Haikuyumba. Iliinua pua, ikakaa juu ya tezi yake pana kama mama yetu alivyokuwa akikaa kwenye benchi, na ikakimbia. Maji yalitoka nyuma yetu yamenyooka, sauti yake kama kitambaa kinachochanwa.

“Selwyn,” alisema Aubrey. “Haiyumbi.”

“Mimi si kipofu.”

“Haiyumbi, Selwyn.” Alirudia hivyo mpaka mstari wa kumalizia, machozi yakimtoka na upepo ukiyakausha, na Janelle kule mbele akajifanya anashughulikia kamba. Tulikuwa wa nne. Jirani mmoja alinipa pole kwa nafasi hiyo, nikamshangaa sana.

Tangu nitoke hospitali, kila mwaka majani ya miti yakianza kuwa mekundu, Aubrey hupanda kwangu na shoka na kunipasulia kuni za majira ya baridi. Sijawahi kumwomba. Hakuwahi kusema kwa nini, nami sikumkataza, kwa kuwa nilijua hana namna nyingine ya kuniomba radhi. Mwaka huu magogo yalikaa uani. Umande ukaganda, magogo yakakaa. Nikampigia simu.

“Na kuni zangu?”

“Una mikono miwili,” alisema kaka yangu. “Mimi nakwenda baharini na Janelle.” Akakata.

Nikatafuta ndoo, nikaipindua, nikaikalia, nikaanza kupasua. Sina ustadi. Nilitukana kila gogo kwa jina lake, mgongo ukaniuma, na sijui ni lini mara ya mwisho niliwahi kufurahi hivyo.