Mlinzi Analala Mchana

Mwanangu tulimpa jina la utani la Mlinzi, kwa sababu alilala mchana kutwa na usiku akawa macho. Utani huo aliuanza mke wangu. Mwanzoni tulicheka. Mwezi wa tatu ulipofika hakuna aliyecheka tena.

Mimi ni msagaji. Nina mashine ya kusaga nafaka, na nyumba yetu ya vyumba viwili imegandana nayo, ukuta mmoja tu katikati. Asubuhi nafungua mlango wa mbele, nawasha mota, nasaga bila kuizima mpaka jioni. Mke wangu anakaa kwenye mizani. Alikaa hapo na mimba yake mpaka siku aliposhikwa na uchungu. Alipojifungua, mama yake akaja kutusaidia kulea, ili yeye arudi kazini mapema. Mama mkwe akawa anashinda chumbani na mtoto, sisi tunashinda kwenye vumbi la unga.

Usiku tukizima taa tu, Mlinzi anaingia zamu. Analia, anabembelezwa, ananyonya, anatulia kidogo, analia tena. Tulimbeba kwa kupokezana. Mama mkwe tulimwacha alale, maana alikuwa ameshinda naye. Asubuhi nilisinzia nimesimama. Siku moja nilimwaga mtama wa mama mmoja juu ya mahindi ya mwenzake, wakanitukana wote wawili, na walikuwa na haki.

Lakini kilichonitia shaka hakikuwa kilio cha usiku. Watoto wanalia. Kilichonitia shaka ni ule usingizi wa mchana. Niliingia chumbani kuchukua spana, ikaniponyoka, ikagonga sakafu pembeni ya kitanda. Mtoto hakutikisika. Nikamwinua mkono, nikauachia. Ukaanguka kama kitambaa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, anakunja nepi.

"Mwache mtoto, baba. Amelala," akasema.

"Analala sana, mama."

"Sasa wewe ulitaka afanye kazi gani?"

Akanikazia macho mpaka nikatoka.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa. Mwenye duka ni mtu wangu, namsagia kila wiki. Nikamweleza habari za Mlinzi. Akaniuliza, "Nani anashinda naye?"

"Mama mkwe."

"Ah."

"Ah nini?"

"Sisemi ni yeye. Ila wapo walezi wanaompa mtoto dawa ya kikohozi ya watu wazima ili alale, nao wapumzike. Mchana analala kama gogo. Usiku dawa imekwisha, anakesha. Na siku kipimo kikizidi, ndugu yangu, haamki."

Akaendelea kupanga chupa zake. Mimi nilirudi kwenye mashine.

Tangu hapo nikawa naingia ndani bila kubisha. Mara nataka maji, mara nimesahau kalamu. Nilinusa kijiko. Nilinusa mdomo wa mtoto, ukanuka maziwa. Hilo halikunituliza, nikasema huyu mama ni mjanja, anamfuta. Kisha nikamfuma. Nilisukuma mlango, nikamkuta amenipa mgongo, na mkono wake ukaingia haraka kwenye mfuko wa gauni. Alipogeuka alikuwa amejiziba mdomo na ncha ya mtandio.

"Una haja gani, baba?"

"Maji."

"Maji uliyachukua sasa hivi."

"Nimeyanywa."

Chumba kilikuwa na harufu tamu, kama ya asali. Jioni nikamwambia mke wangu. Alikuwa anafagia chini ya mizani, akasimamisha ufagio.

"Unamsema mama yangu?"

"Namsema mtu anayeshinda na mtoto."

"Mtu! Mama yangu amekuwa mtu! Bwana wewe, kukesha kumekuharibu kichwa. Usilirudie neno hilo, asije akalisikia."

Sikulirudia. Nilifanya baya zaidi. Mama mkwe alipotoka kuanika nepi, niliufungua mkoba wake. Mkwe mwenye adabu hata mahali mkoba wa mama mkwe unapowekwa hapajui, na mimi niliingiza mkono mpaka chini, kati ya nguo zake. Nikaitoa chupa ndogo isiyo na karatasi ya jina, imebaki nusu, ikinuka asali na kitu kingine kikali. Nikaitia mfukoni.

Sikusubiri hata kumpelekea muuza dawa. Tulipokaa kula nikaiweka mezani, mbele ya sahani yake.

"Mama, mtoto wangu unampa nini?"

Mke wangu aliacha kutafuna. Mama mkwe aliitazama chupa, akanitazama mimi. Hakuuliza nimeitoa wapi. Aliifungua, akapiga mafunda matatu, akaitua tupu.

"Haya," akasema. "Nisipoamka kesho, utajua namlisha nini mwanao." Kisha akakohoa. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na ndipo nikajua kwa nini alikuwa akijiziba mdomo. "Ni dawa yangu ya kifua. Huo unga wako umenikaa kifuani tangu nimekuja. Nilificha kwa sababu mngesema mgonjwa arudi kwake, na mimi nilitaka kukaa na mjukuu wangu. Sasa usihangaike. Kesho naondoka."

"Mama..." mke wangu akaanza.

"Wewe nyamaza. Nimeambiwa namuua mtoto."

Kesho yake aliamka mzima kabisa. Nami, niseme ukweli, shaka haikuniisha. Kifua ni kifua, nikajiambia, lakini mbona mtoto analala vile? Niliwasha mashine, nikasaga. Mke wangu akapima magunia. Alikuwa ameshaniambia asubuhi kwamba mama yake akitoka, na yeye anambeba mtoto anamfuata.

Wateja walikuwa wamepanga ndoo zao mpaka barabarani mkanda wa mota ulipokatika. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Na palepale, nyuma ya ukuta, Mlinzi akapiga ukelele.

Kilikuwa kile kile kilio cha usiku. Sikuwa nimewahi kukisikia mchana. Niliufunga mkanda mwingine, nikawasha. Kwa mngurumo ule singeweza kusikia kitu, nikakimbilia mlango wa chumbani. Mtoto alikuwa ananyamaza, kope zinamshuka. Nikarudi, nikazima. Ukelele.

"Fundi, unacheza na umeme?" mteja mmoja akafoka. "Unga wangu uko tumboni mwa mashine!"

Mke wangu alikuwa ameinuka kwenye mizani.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Akachungulia chumbani.

"Zima tena."

Nikazima. Tukatazamana. Mtoto yule aliusikia mngurumo huo tangu tumboni, pale kwenye mizani. Mashine ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza mchana kutwa, na kila jioni sisi wenyewe tulimzimia. Mimi nimeishi na mota hiyo miaka mingi, siisikii tena. Naisikia ikiharibika tu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani.

"Mama, ulikuwa unajua?" mke wangu akamuuliza.

"Nijue nini? Kwamba analala kwa kelele? Hata kipofu angeona. Mimi mwenyewe sisinzii humo, ukuta mzima unatetemeka. Nilidhani mnajua, mtoto wenu, mashine yenu." Akanigeukia. "Ungeniuliza mimi. Wewe ukaenda kuuliza mkoba."

Wateja wote walikuwa wanasikiliza. Nilipiga magoti pale pale kwenye unga.

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Umekosa," akasema.

Hakuondoka. Lakini tangu siku hiyo hasemi na mimi. Likitokea jambo, analipitishia kwa mtoto. Na mambo yalikuwa mengi, kwa sababu ilibidi mchana tumtoe Mlinzi mbali na ukuta, akae barazani kwenye mwanga na watu, achoke, usiku alale. Hakupenda. Siku za kwanza alilia mpaka majirani wakaja kuuliza.

"Mwambie baba yako bibi hana mikono minne," nikasikia siku moja kutoka barazani. "Kama anataka ulale usiku, aje akuchezeshe mwenyewe."

Nikazima mota katikati ya foleni. Watu wakalalamika, nikawaacha walalamike. Nilikaa barazani, unga mpaka kwenye nyusi, nikampokea mtoto. Mama mkwe alisogea mpaka mwisho wa mkeka, akageuza uso barabarani.

"Mwambie baba yako akushike shingo vizuri."

"Mwambie bibi nimeshika."

"Mwambie baba yako hajashika."

Nikashika vizuri.