Neno la Mtoto wa Nyumba

Baraza la Getruda lilikuwa zuri kuliko yote mtaani kwao Chemchem, na mwenyewe alilijua hilo. Vigae vyake vyekundu vililetwa na mwanawe kutoka Mwanza, na kila asubuhi alivipiga deki kabla hajaonja chai. Lakini wageni wanaopita na kamera hawakuvitazama. Waligeukia ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya udongo ya wifi yake Consolatha, yenye kuta nene na mlango wa mninga uliochongwa. Kila walipoipiga picha, Getruda alihisi kama amemeza mwiba wa samaki.

Kibaya zaidi, nyumba ile ilijengwa na babu yake yeye, mzee Lugembe, aliyebeba mizigo ya misafara hadi pwani na kurudi. Ndimo alimozaliwa Getruda. Yeye akaolewa, akavuka barabara. Kaka yake Vedasto akaoa mwanamke wa Usoke, na huyo wa Usoke ndiye aliyeachiwa nyumba Vedasto alipofariki. Hata mama yao alipougua miaka mitatu, alikuwa akiita, "Consola! Consola!" Jina la Getruda alilitaja mara chache, tena kwa kuulizia tu.

Sasa barabara ilikuwa inapanuliwa, na ingekula mita sita za upande mmoja. Nyumba ya Getruda ni ya tofali za saruji. Ingepoteza baraza na sebule, ikasimama. Ile ya udongo ikiguswa ukuta wa mbele, yote chini. Siku ya Jumanne akaja ofisa wa mambo ya kale, binti aitwaye Janeti. Kama nyumba ni ile ile ya mzee Lugembe, alisema, itahifadhiwa na barabara itapita upande wa pili. Kama ilishajengwa upya, basi ivunjwe.

Hati hazikuwepo. Lilihitajika neno la mtu mzima anayeijua nyumba, na Getruda akaitwa.

Consolatha alitoa chai na karanga za kuchemsha. Alijua goti la wifi yake, akamwekea kiti kirefu chenye mto. Getruda aliuona ule mto, nao ukamchoma.

"Wifi, leo umekuja kuiona nyumba ya mchwa?" Consolatha alimtania.

"Nimekuja kuiaga."

"Iage taratibu, isikuangukie. Vigae vitakosa mpiga deki."

Janeti akacheka. Kisha akafungua daftari. "Bibi, nyumba hii ni ile ile?"

Getruda aliutazama mlango. Akawaza wageni na kamera zao. Akawaza mama yake akiita jina lisilo lake.

"Hapana," alisema. "Ile ya babu ilianguka na mvua. Hii aliijenga baba, mwaka wa sitini na nane. Na mlango ni wa juzi juzi tu."

Kikombe cha Consolatha kilisimama hewani. Yeye na mama mkwe wake walizikandika kuta zile kila kiangazi kwa udongo wa kichuguu. Mama mkwe alimwonyesha kila kiraka na kumwambia kilikuwepo tangu lini.

"Na wewe mama, unasemaje?" Janeti alimuuliza.

"Mimi niliolewa hapa, mwanangu. Mke habishani na mtoto wa nyumba juu ya kuta za baba yake. Akishasema wifi, ndivyo ilivyo."

"Lakini nyumba yako itavunjwa."

"Nimesikia. Andika. Chai inapoa."

Getruda alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Majibu ya miaka thelathini na minane alikuwa nayo mdomoni, na sasa hapakuwa na wa kumjibu. Hata kwa heshima mwanamke huyu alimshinda!

Janeti akaandika. "Basi mjenzi ni baba yako. Jina la mzee Lugembe nalifuta."

Kalamu ikapita juu ya jina mara moja. Ilipoinuliwa kupita mara ya pili, Getruda alikuwa ameshaukamata mkono wa binti.

"Ngoja. Usimfute babu. Nimedanganya. Nyumba ni yake, kuta ni zake, na mlango ni wake."

"Kwa nini ulidanganya, bibi?"

"Kwa sababu nina wivu. Kama karatasi yako ina nafasi, andika na hilo."

Consolatha alimwaga chai iliyopoa, akammiminia wifi yake nyingine ya moto.

Wiki tatu baadaye mafundi walifika na nyundo kuvunja baraza la Getruda. Getruda alihamisha kiti chake ng'ambo ya barabara.

"Karibu, wifi," alisema Consolatha.

"Usinikaribishe kwa baba yangu."

"Basi nikaribishe wewe."

"Kaa," alisema Getruda, na Consolatha akakaa.

Kigae cha kwanza kilipopasuka, Consolatha akatoa machozi. Getruda alimtazama kwa jicho la pembeni. Yake hayakuwa yametoka bado, na jambo hilo lilimuuma.

"Vigae ni vyangu," alisema, "na kulia unanitangulia?"

"Nisamehe, wifi."

"Futa uso. Ngoja na mimi nianze, tulie pamoja."