Dhoruba ya Symphorien

Symphorien, mwenyekiti wa chama chetu cha utamaduni hapa Sydney, ni mtu wa skafu ya hariri hata kwenye joto, na sijawahi kumsikia akisema neno la kumkera mwenye cheo. Mwaka jana aliandaa jioni ya mashairi katikati ya jiji, akamwalika diwani. Akamwomba jirani yangu Rawan, Mpalestina, asome shairi lake. Mimi nisome tafsiri ya Kiswahili.

Shairi lilimhusu shangazi yake, Samiha, aliyeko Gaza. Bomu lilibomoa nyumba ukabaki mlango. Samiha akaupasua kuwa kuni, akaoka mkate, akawagawia waliokuwa wakifukua majirani.

Kabla wageni hawajaketi, Symphorien alinivuta kando akanipa karatasi. Alikuwa amelirekebisha shairi. Bomu limekuwa dhoruba.

“Dada Clarisse, watu watakuwa wanakula. Dhoruba kila mtu anaielewa.”

“Na wanaofukuliwa?”

“Nimewatoa. Wanaharibu hali ya hewa.”

Mtu huyu mama yake alimbeba mgongoni akikimbia mabomu kule kwetu Kivu.

Rawan alisoma kwa Kiarabu, polepole. Symphorien alitikisa kichwa kwa majonzi, bila kuelewa hata neno. Nikapanda mimi. Karatasi yake niliikunja, nikasoma shairi lenyewe, bomu na waliofukuliwa. Watu wetu wakaacha kutafuna.

Symphorien akanipokonya kipaza sauti, akamgeukia diwani kwa Kiingereza chake cha kulamba miguu. “Shairi zuri sana kuhusu dhoruba.”

“Lilikuwa bomu,” Rawan alisema kutoka kitini. “Na kuna watu walioliangusha.”

Diwani akatazama viatu vyake. Symphorien akaamuru muziki upigwe. Mama Divine, mzee wa kanisa letu, aliinuka na sahani yake mkononi akaenda kuuzima.

“Someni tena,” alituambia.

Tukasoma tena, sote wawili. Symphorien alikuwa ameshatoka kumsindikiza diwani kwenye gari, akimwomba radhi kwa niaba yetu, sisi ambao hatukumtuma.

Usomaji ule wa pili Rawan aliurekodi kwa simu, akautuma Gaza. Jibu lilichelewa hadi tukaogopa. Samiha alisema Kiswahili hakukielewa, ila alisikia jina lake. Akaomba atumiwe tena, maana ulikuwa umekatika njiani, awasikilizishe majirani waliobaki.