Fundi Aliyesikiliza Miguu

Mwalimu wa muziki aliingia kibandani kwa fundi viatu na kiatu kimoja tu mkononi, cha mguu wa kulia, soli imekwisha. Fundi alikigeuza, akakikunja, akainusa ngozi.

"Hiki si cha kutembelea."

"Ni cha kupigia kinanda," Mwalimu akajibu. "Kile kikubwa cha kanisani, cha mabomba. Kina vibao vya kukanyaga kwa miguu. Soli ikiwa nene, sisikii ninachokanyaga."

Fundi alikuwa mtu mzima, amefiwa na mke, amewashonea viatu mabwana harusi na askari, lakini kiatu chenye kusikia hakuwahi kuagizwa. Alikaa na ile ngozi siku nne akiipunguza kwa kisu mpaka ikawa laini kama ncha ya sikio. Akashona jozi nzima. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutoa kazi mkononi bila kujua ilikoishia, Alhamisi alasiri alifunga kibanda akaenda kanisani.

Alikaa pembeni, mahali alipoweza kuiona miguu ya Mwalimu kule juu roshanini. Ulikuwa muziki wa Baroko, wa Ulaya ya zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na mwanzoni aliuona zogo tupu: kila mtu anasema, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Alitaka kuondoka. Ila miguu ilimshika. Akaamua kuifuata hiyo peke yake, kisigino, kidole, kisigino, na ghafla akatambua kwamba miguu ilikuwa inaimba ule ule wimbo ulioanzwa na mkono wa kulia, ila polepole maradufu. Vinyweleo vikamsimama.

Mwalimu aliposhuka, alimwuliza amesikia nini.

"Miguu imeiba wimbo wa mkono."

Mwalimu alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Wanafunzi wangu hulisikia hilo baada ya mwaka mzima, Fundi!"

Basi ikawa hivyo kila Alhamisi kwa miaka tisa. Mwalimu alimfundisha kuchagua sauti moja na kutoiachia, kama unavyomfuata mtu mmoja sokoni. Fundi akajifunza kwamba ufundi si kasi. Ufundi ni vidole kuinuka kwa wakati wake, ili kila sauti ipate nafasi yake na isigandane na jirani. Kulikuwa na kipande kimoja alichokipenda kuliko vyote. Karibu na mwisho wake, Mwalimu aliinua mikono na miguu yote kwa pamoja. Kanisa zima likawa kimya, muda wa mtu kumeza mate, kisha wimbo ukarudi kwa mara ya mwisho. Kimya kile Fundi alikingoja wiki nzima.

Binti yake, muuguzi, alimtania. "Baba, wenzako wanacheza karata, wewe unachumbia mabomba."

"Hebu niondokee hapa," Fundi akasema, akainama tena kwenye kazi yake. Kama kulikuwa na jingine moyoni, hakumwambia mtu.

Kisha dada yake Mwalimu akaugua, nchi ya mbali, na Mwalimu akahama kwenda kumtunza. Alimwachia Fundi namba ya simu. Fundi hakupiga. Mshona viatu angempigia Mwalimu amwambie nini? Mpiga kinanda aliyekuja baadaye alikuwa mtu wa bidii, lakini alifungulia sauti zote kwa mpigo, noti zikashikana kama zimepakwa gundi. Fundi alivumilia Alhamisi tatu, akaacha. Ikapita miaka minne. Mara nyingine alisimamisha kazi, sindano hewani, akikitafuta kile kipande kichwani, na kila mwaka kilikuwa kimepungua kidogo.

Ndipo binti yake alipoona tangazo: mpiga kinanda mashuhuri angepiga muziki ule katika mji mwingine, mwendo wa saa saba kwa treni. Alikata tiketi mbili bila kumwuliza baba yake.

Mpigaji alikuwa pande la mtu, mwenye upara, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Kipande kilikuwa kile kile alichokipenda. Alikipiga kwa haraka kuliko Mwalimu, na bado kila sauti ilionekana mpaka chini, kama kokoto ndani ya maji safi. Ile sauti ya tatu, ya katikati, ambayo Mwalimu aliificha siku zote, huyu aliileta mbele, na Fundi akaisikia kwa mara ya kwanza maishani. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. Kisha ukafika ule mwisho, na mtu yule hakuinua mikono. Alipita moja kwa moja, kama mlango uko wazi. Fundi alihisi kama amekosa kidato cha ngazi.

"Hukupenda, Baba?" binti yake akauliza nje.

"Nimependa mno. Ndiyo maana inauma."

"Mpigie simu, basi."

"Nani?"

"Baba, usinifanye mtoto."

Asubuhi, chumbani kwenye nyumba ya wageni, alipiga. Sauti ya Mwalimu ilikuwa imekonda. Dada yake alishazikwa, akasema. Yeye mwenyewe viungo vya vidole vilikuwa vimevimba, mwaka wa pili sasa hajagusa kinanda, na pale alipo hana wa kuzungumza naye habari hizo.

"Niambie alivyopiga," akasema. "Usiruke kitu."

Fundi alimweleza sauti baada ya sauti. Alipokosa maneno aliimba kwa koo lake kavu, huku binti yake akikunja na kukunjua shuka lile lile dirishani. Alipofika karibu na mwisho alisita.

"Hapo hakupumua, Mwalimu."

"Hakupumua kabisa?"

"Kabisa."

"Mshenzi!" Mwalimu alicheka, na ndani ya kicheko Fundi akasikia kilio. "Na kipande kikakubali?"

"Kikakubali. Ila mimi nilipumua."



Mwalimu hakurudi tena, wala Fundi hakujaliwa kwenda. Ila tangu hapo, popote aliposikia pana mpigaji mzuri, hata kama treni ilimlia siku nzima, alikwenda. Na kesho yake asubuhi, kabla ya kunywa chai, alipiga simu.