Kikao cha Ukoo wa Riesling

Usiku wa jana niliota chupa zimeitisha kikao cha ukoo, na mimi ndiye niliyekuwa nasubiriwa.

Kwanza niseme nililalaje, maana nililala na hasira. Baba yangu, mzee Chibago, analima zabibu Mpunguzi, nje kidogo ya Dodoma mjini. Kama wenzake, anauza zabibu nyekundu kiwandani. Ila mstari wa mwisho wa shamba, unaopakana na korongo, aliupanda zabibu nyeupe iitwayo Riesling, miche aliyoletewa na rafiki yake ndani ya gunia bichi. Watu walimwambia hiyo ni zabibu ya nchi za baridi, itakufa. Haikufa. Akaikamua mwenyewe, akaufunga mvinyo wake kwenye chupa, akasubiri, na Jumapili iliyopita akafungua chupa ya kwanza mbele ya majirani.

Ikanuka mafuta ya taa. Tena si kwa mbali, ilinuka kama kibatari kilichozimwa sasa hivi. Jirani yetu Lusito alicheka mpaka akakaa chini, akasema mzee kakamulia zabibu kwenye dumu la mafuta. Baba aliapa kwamba dumu lile halijawahi kuona mafuta. Nani amsikilize? Tangu siku hiyo wanamwita Kibatari, hata watoto. Jana jioni akanoa jembe na kusema asubuhi anang'oa mstari wote apande alizeti. Mimi binti yake nahudumia mvinyo hotelini mjini, najua kushika glasi na kufungua chupa bila kelele, lakini Riesling hatuna, sijawahi kunusa nyingine ya kulinganisha. Niliumia sana.

Basi, ndotoni niko ukumbini hotelini, ila paa halipo na meza zimekuwa mabenchi ya zahanati. Chupa zimekaa kwenye foleni na kadi zao mkononi. Mwenyekiti ni kizibuo chetu cha hotelini, kile chenye mikono miwili. Kikizungumza mikono inapanda, kikinyamaza inashuka.

Kinaniambia kuna mmoja wa Dodoma anayejiita Riesling, na wenye ukoo wanataka kujua kama ni wao. Nitawaonja wa kila nchi, niwalinganishe, halafu nimwonje huyo wa kwetu na kutoa jibu. Nikisema si wao, baba ang'oe, na asilalamike mtu.

"Sheria unazijua," kinasema. "Mkavu kwanza, mtamu mwisho. Na unatema. Ukimeza, umeondoka na kitu cha watu."

Najibu kwamba hizo ndizo sheria tunazofundishwa kazini. Mikono yake inashuka.

Wa kwanza ni Riesling wa Clare, kule Australia. Chupa yake ina kifuniko cha bati na imeungua jua mgongoni. Namimina. Kwa kuwa ni mvinyo mkavu, yaani usio na sukari, unatoka mkavu kweli, unajikunja kwenye glasi kama shati lililopigwa pasi. Naung'ata pembeni. Ni ndimu tupu, na baada ya ndimu kuna ndimu nyingine. Natazama chini, nimesimama kwenye ardhi nyekundu na utosi unaniwaka.

Namuuliza kama kwao ni hivi kila siku. Ananiambia jua la kwao halina adabu, linaingia bila hodi, ila usiku unakuja ubaridi unaowaponya. Namwambia hata kwetu ndivyo. Ananiangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Natema, na pale nilipotema linaota jani.

Wa pili ni wa Alsace, Ufaransa. Huyu ana mabega. Wakubwa kazini husema mvinyo fulani una mwili, yaani ni mzito mdomoni, na huyu anao, kwa sababu anakuja kunikalia mapajani na miguu inakufa ganzi. Ladha yake ni kama pichi lililoiva, na moshi kidogo. Nyuma yake kuna mlima ambao haukuwepo.

"Huo ndio unatulinda," anasema. "Mvua ikipiga hodi upande wa pili, mlima unajibu hatupo."

Nacheka, hakuna anayecheka. Nusu ya kikao imeloa na nusu ni kavu. Natema kwenye ndoo niliyopewa, na ndoo inasema asante.

Kumfikia wa tatu inabidi kupanda. Ukumbi umesimama wima, na mizabibu imeota juu ya ukuta, kila mmoja umefungwa kwenye mti wake ili usianguke. Chini kabisa kuna mto uliojikunja. Huku ndiko Mosel, Ujerumani. Napanda kwa mikono na magoti juu ya mawe membamba meusi yenye rangi ya buluu, yamepangana kama vigae, na yana moto wa jua. Kileleni kuna chupa ndefu nyembamba iliyojifunika khanga.

Nasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa juu ya jiwe. Huku jua ni la kuokota, jiwe linalikusanya mchana, usiku linatugawia."

Ananimiminia mwenyewe. Ni tofaa, ni asali, na katikati ya asali kuna uchachu wa ukwaju unaoamsha mashavu. Utamu unakuja, uchachu unaurudisha nyuma, kisha wanapatana. Sijawahi kuonja kitu kama hicho. Najisahau, nameza.

Kizibuo kinainua mikono yote miwili. Bibi anakiambia kishushe mikono, huyu ni mtoto wa watu na ana kiu.

Halafu namwona wa kwetu. Amesimama mlangoni, hajui akae benchi lipi. Ni chupa ya baba yenyewe, na kizibo chake kimefungwa kwa uzi wa gunia. Hainui shingo. Namfungua nikijua kinachokuja, na kweli harufu ya mafuta ya taa inajaza kikao kizima. Namwonja. Mbele kuna ndimu, nyuma kuna uchachu, lakini juu ya vyote kuna kibatari. Namwona baba akiwa na jembe.

Bibi wa Mosel anaanza kulia.

"Ananuka kama marehemu mama," anasema.

Anafunua khanga na kunisogeza shingoni mwake. Nanusa. Chini ya asali, kwa mbali, kuna mafuta ya taa. Wa Alsace anainua bega ninuse, na kwake harufu ipo. Wa Clare anavua kifuniko chake cha bati bila kuombwa. Yeye ananuka karibu sawasawa na wa kwetu.

"Sisi wa jua kali harufu hii inatuanza mapema," anamwambia wa Dodoma. "Hata mimi walinicheka. Hilo si dumu, ndugu yangu."

Wanasogea kwenye benchi na kumwachia nafasi. Kizibuo kinaniuliza, huyu ni wao au si wao? Nasema ni wao, na machozi yananitoka kwa furaha, sioni haya hata kidogo.

Bibi ananishika mkono. Anataka nimwambie baba aache haraka, zabibu yao haiwazoei watu siku ya kwanza, inataka kusubiriwa. Namuuliza kusubiriwa mpaka lini. Anafungua mdomo ajibu, na jogoo wa Lusito anawika.

Niliamka kumekucha. Chini ya ulimi kulikuwa na kitu kigumu. Nikakitema kiganjani: kipande cha jiwe jembamba kama ukucha, jeusi lenye rangi ya buluu, na lilikuwa bado la moto.

Nilikimbia shambani bila viatu. Baba alikuwa amesimama kwenye mzabibu wa kwanza wa mstari ule, jembe liko juu. Nikamwita, akaliweka chini. Nikamsimulia yote, kizibuo, mlima, bibi wa kwenye mawe, na vile wote wananuka. Alinisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Nilipomaliza nikampa jiwe.

Baba anayajua mawe ya shamba hili, ameyatoa mwenyewe kwa mikono. Aligeuza kile kipande, akakigonga kwa kucha, akakiweka shavuni.

"Hili si la hapa," alisema.

Akainama, akalifukia kwenye shina la mzabibu, akashindilia udongo kwa kiganja.

"Huyo bibi alisema tusubiri mpaka lini?"

Nikamwambia niliamka kabla hajajibu.

Baba akaokota jembe, akaliweka begani.

"Basi rudi ukalale, mama. Ukamuulize."