Nyumba ya Ng'ombe Kumi

Nyanzala aliuona mgongo kwanza. Eustace, dalali, alikuwa ameegemea ukuta, na chokaa mpya imehamia kwenye shati lake jeusi. Hakumwambia. Kusema mbele za watu kulimshinda tangu utoto.

Chokaa ndiyo ilikuwa gharama ya kwanza. "Nyumba chafu haiuziki," Eustace alikuwa amesema, na Manyanda, kaka yake Nyanzala, akauza mabeberu wawili ili vyumba vya kupangisha alivyoacha baba yao vipakwe. Manyanda aliishi Mwamkulu na mifugo yake, na hesabu zake zote zilikuwa za ng'ombe. Bei ya mnunuzi, alisema, ni ng'ombe kumi mnadani. Alishawachagua kwa rangi.

Leo, wamekaa uani, ng'ombe wakaanza kupungua.

"Kwanza changu mimi dalali," alisema Eustace.

"Ng'ombe mmoja," Manyanda akaguna.

"Wakili na mashahidi wa mtaa."

"Hapo ndama."

"Kodi ya serikali."

"Mwingine tena! Yule mwekundu!"

Mama Fabrice, mpangaji wa chumba cha mbele, akatokeza na ungo wa mchele. "Na mimi, baba? Nimelipa mpaka Krismasi. Nikihama mnanirudishia."

"Nyie wapangaji, nani aliwatuma mlipe mbele?" Manyanda akafoka.

"Si wewe? Ulikuja unalia huna dawa ya kuogeshea ng'ombe."

Eustace alicheka mpaka ukuta ukambandika chokaa nyingine.

"Wamebaki sita na mguu," alisema Manyanda, akajifuta uso kwa kofia. Alikuwa amechoka kama mtu aliyeswaga kundi kutwa nzima. "Basi. Tuuze tu, tupumzike. Nyanzala atakuja kwangu, atalala jikoni na watoto."

Nyanzala alikuwa anamimina chai. Naye alikuwa amechoka, ila uchovu wake ulikuwa wa zamani. Baba alijenga nyumba hii kwa ng'ombe wa mahari aliyolipiwa Nyanzala. Nyanzala alipoikimbia ndoa yake huko Inyonga, wakwe walidai mahari yao, na baba akawaomba wapokee kidogo kidogo, kutoka kodi ya vyumba. Wakakubali. Kila mwezi Nyanzala alikusanya kodi, akawapelekea. Deni halijalipwa hata nusu.

Eustace akatoa kalamu mfukoni.

"Kaka," alisema Nyanzala.

Wote waligeuka. Hata Mama Fabrice aliacha kupepeta.

"Ng'ombe za Inyonga hujazihesabu. Kodi ikikoma, watakuja. Utawapa hao sita, au utawapa mimi."

Nyanzala akaliweka birika chini.

"Na mimi kule sirudi, kaka. Hata siku ile mnapokea ng'ombe, mnashangilia, mimi sikutaka kwenda."